Kujifunza kuprogramu mpaka upate kazi: mwongozo kamili wa mtu aliyepoteza miezi minane kwanza

Nianze na hili la jina maana litatusumbua mbele. Sisi tunaoandika programu tumezoea kusema "kodi" tukimaanisha yale maandishi unayoiandikia kompyuta ifanye kitu, na kila nikimwambia mzee wangu nimekesha na kodi ananiuliza nadaiwa na nani. Kwaiyo humu ndani kodi ni maandishi ya programu, hamna anayekudai chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza sifuri au aliyeanza akaachia njiani, na lengo lake sio kujifurahisha tu, anataka alipwe. Mimi nilianza na Python, mojawapo ya lugha za kuandikia kodi, wiki ya tatu mtu akaniambia hiyo ni ya kitoto nenda Java, nikaenda Java, nikakuta ili neno moja tu litokee kwenye skrini natakiwa kuandika mistari kama mitano hivi ambayo hakuna aliyenieleza maana yake, nikakimbilia JavaScript, huko nikasikia kuna kitu kinaitwa Rust ndo chenyewe, nikakimbia tena. Miezi minane ikaisha naweza kuandika "Hujambo dunia" kwa lugha tano na sina hata kitu kimoja nilichokitengeneza kikafika mwisho. Hii stori nimeisikia kwa watu wengi sana mpaka nimeamua niandike njia nzima kama ninavyoijua sasa hivi.

Hatua ya 1: jua kazi yenyewe ikoje kabla hujaipenda

Kwenye sinema mprogramu anagonga kibodi kama anapiga ngoma, skrini nyeusi, maandishi ya kijani yanashuka. Kiukweli siku nyingi unasoma kodi ya mtu aliyeshaondoka kazini zamani, unatafuta kwanini kitufe kinagoma kwa baadhi ya wateja na kwa wengine kinakubali, unauliza maswali, unajibu maswali, alafu jioni ukihesabu umeandika mistari kumi na mbili na umefuta thelathini, na hiyo ilikuwa siku nzuri kabisa. Kama wewe ni mtu ambaye kitu kikigoma hulali mpaka ujue kimegomea wapi, unafaa. Kama unataka kitu kinachokubali mara ya kwanza, utateseka bure.

Swali la hesabu huwa linaulizwa kila siku. Kwa tovuti na apu za kawaida hesabu unayohitaji ni ya jumlisha, toa, asilimia, na uwezo wa kufikiri kwa mpangilio, yaani hiki kikiwa kweli basi fanya hivi, kisipokuwa kweli fanya vile. Ukitaka kwenda kwenye michezo ya 3D au kufundisha mashine zitambue picha na sauti, hapo ndo utakutana na matriki (majedwali ya namba) na takwimu. Usiogope mlango wa pili wakati hata wa kwanza hujaufungua.

Hatua ya 2: mwelekeo kwanza, lugha baadae

Watu wanauliza "lugha ipi bora" kama wanauliza timu ipi bora, na majibu yanakuja kwa ushabiki uleule. Swali sahihi ni unataka kutengeneza nini.

Ukitaka tovuti, huna ujanja, JavaScript utaipitia tu maana ndo lugha inayoendeshwa ndani ya brauza yenyewe (Chrome, Firefox na wenzake), ukianza na HTML (ya kupanga kilichomo kwenye ukurasa) na CSS (ya kuupamba) kwa wiki chache. Hii lugha ina vituko vyake, na sababu mojawapo ni kwamba Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku kama kumi tu mwaka 1995 akiwa Netscape, kwaiyo ukikutana na jambo la ajabu usidhani wewe ndo mjinga. Baadae utaongeza TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, ambayo Microsoft waliitoa 2012 ili kupunguza hivyo vituko, ila sio mwanzoni.

Ukitaka kuchambua data, kufanya kazi zinazojirudia zijifanye zenyewe, au kuelekea kwenye akili bandia, chukua Python ya Guido van Rossum, iliyoanza kutoka 1991. Tahadhari moja hapa: toleo la Python 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, ila mafunzo yake ya zamani bado yamejaa mtandaoni. Ukiona mwalimu anaandika print "hujambo" bila mabano, funga uondoke, hayo mafunzo yamepitwa.

Apu za Android ni Kotlin (Google walitangaza 2019 kwamba ndo wanaipa kipaumbele), za iPhone ni Swift, na hiyo ya pili ujue kabisa utahitaji kompyuta ya Mac. Mifumo mikubwa ya makampuni na mabenki imejaa Java na C#. Vifaa vyenye chipu ndani, C, ambayo iko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bado inadunda.

Sasa fanya hivi, na usiruke hiki kipengele: tafuta matangazo ya kazi 30 ya ngazi ya mwanzo, yale ambayo wewe ungeweza kweli kuyaomba kwa pale ulipo au kwa kufanyia nyumbani, alafu chukua daftari upige mistari kila lugha na kila kifaa kinapotajwa. Jioni moja tu. Hiyo daftari itakuambia ukweli kuliko mabishano yote unayosoma, maana inawezekana lugha unayoisifia inatajwa mara mbili na ile unayoidharau inatajwa mara kumi na saba.

Ukishindwa kabisa kuamua, rusha sarafu kati ya Python na JavaScript. Sio utani. Kanuni ni moja: ukishachagua, miezi sita hubadilishi, hata kama malaika akushukie na lugha mpya. Vitu vya msingi vinafanana kwenye lugha zote, ya kwanza inakula miezi, ya pili inakula wiki.

Hatua ya 3: vifaa, na hapa usikae sana

Kompyuta ya kawaida inatosha. RAM ya GB 8 utakuwa na raha, GB 4 utajifunza Python na tovuti bila shida ila Android Studio (programu ya kutengenezea apu za Android) itakuliza. Kwa simu unaweza kusoma na kujaribu mistari miwili mitatu ukiwa safarini, lakini usijidanganye utajifunza kazi yote kwa simu.

Weka lugha yenyewe kutoka tovuti yake rasmi, weka VS Code ya kuandikia, jifunze kufungua taminali (lile dirisha jeusi la kuandika amri) na amri tano sita za kuingia kwenye folda, kuona kilichomo na kuendesha faili. Basi. Nawajua watu waliomaliza wiki mbili wakibadilisha rangi za VS Code na kutafuta fonti nzuri. Rangi haijawahi kumwajiri mtu.

Hatua ya 4: msingi, na jinsi ya kuishi na makosa

Wiki kama nane hadi kumi za kwanza ni vitu vichache tu: variabo (jina unaloipa thamani ili uiite baadae), aina za data, masharti ya if, lupu (kurudia kitu mara nyingi), fanksheni (kipande cha kodi chenye jina, unakiita ukikihitaji), orodha na kamusi (data inayotafutwa kwa jina lake), kusoma na kuandika faili. Chukua kozi moja tu ya bure, CS50 ya Harvard kama unataka kuchimba kwa kina, freeCodeCamp kama unataka vitendo vya haraka, ukiichukua imalize. Masaa mawili kila siku yanashinda masaa kumi ya Jumapili, maana ukikaa siku sita bila kugusa unatumia nusu ya Jumapili kukumbuka ulipoishia.

Ila kuna kitu kozi nyingi zinakipitia juu juu na kwangu mimi ndo somo lenyewe: kusoma erori, yaani ule ujumbe wa kosa unaorushiwa programu ikigoma. Hebu tuangalie kimoja kwa karibu. Andika hii kwenye Python:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
mwakani = umri + 1
print("Mwakani utakuwa na miaka", mwakani)

Unaiendesha, inakuuliza, unajibu 20, alafu inakurushia maandishi mekundu marefu na mwisho wake kuna huu mstari:

TypeError: can only concatenate str (not "int") to str

Anayeanza akiona hivyo moyo unadunda, anafuta yote au anakimbia kuuliza mtu "kodi yangu haifanyi kazi". Tulia. Erori za Python zinasomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho unakuambia kosa ni la aina gani, juu yake kidogo unakuambia ni faili gani na mstari wa ngapi. Hapa inasema umejaribu kuunganisha maandishi na namba. Lakini si niliandika 20? Uliandika, ila input kila siku inarudisha maandishi, kwake ile 20 ni herufi mbili tu, "2" na "0", kama zilivyo "ba". Dawa ni kuigeuza: umri = int(input("Una miaka mingapi? ")). Sasa endesha tena, safari hii ujibu "ishirini" kwa herufi uone kinachotokea. Inalipuka tena, ila safari hii ni ValueError, kosa jingine kabisa, na sasa unajiuliza mwenyewe utamzuiaje mtumiaji asiyejibu kwa namba. Hapo umeshaanza kazi yenyewe, mkuu.

Utamu wa ziada: jambo hilohilo kwenye JavaScript halitoi erori yoyote. "20" + 1 inakupa "201" kimyakimya na programu inaendelea kama hamna kitu, mteja wako mwakani ana miaka mia mbili na moja. Ndo maana nakuambia usichukie erori, ya kuogopa ni ile programu inayokosea huku inatabasamu.

Kwaiyo jizoeze, kila erori mpya iandike kwenye daftari: ilisemaje, chanzo kilikuwa nini, ulitatuaje. Baada ya miezi miwili utagundua ni zilezile kama ishirini zinazunguka. Na ukikwama kabisa, chukua kiti, kielezee kwa sauti mstari kwa mstari kodi yako inafanya nini. Mara nyingi hufiki mstari wa kumi kabla hujasema "aah kumbe". Wa nyumbani wakikuona unaongea na kiti, waache waseme watakavyo.

(Makosa kwenye programu yanaitwa "bug", yaani mdudu. Jina hilo ni la zamani kuliko kompyuta, ila kuna tukio maarufu la Septemba 1947 ambapo mafundi wa mashine ya Harvard Mark II walimkuta nondo kweli amenasa ndani, wakambandika kwa tepu kwenye daftari la kumbukumbu. Daftari bado lipo, makumbusho huko Marekani.)

Hatua ya 5: toka kwenye video

Hii ndo hatua inayoua wengi. Unaangalia video, mwalimu anaandika, na wewe unaandika, kila kitu kinakubali, unajiona fundi. Funga video, fungua faili tupu. Kimya. Huwezi hata mstari wa kwanza. Hiyo sio kwamba huna akili, ni kwamba kufuata na kutunga ni misuli miwili tofauti na wewe umefanyisha mazoezi mmoja tu.

Dawa yake: kila saa moja ya video, masaa mawili ya faili tupu. Alafu mapema kabisa, mwezi wa pili au wa tatu, anza mradi wako wa kwako, mdogo, unaoutumia mwenyewe. Mimi ulionitoa ni kijiprogramu cha kuandika matumizi yangu ya pesa. Ukiangalia ni kitu cha kijinga, ila angalia kilivyonifundisha kadri nilivyokuwa nakikuza.

Mara ya kwanza kilikuwa kinauliza umetumia nini na kiasi gani, kinajumlisha, ukifunga kinasahau vyote. Nikakasirika, nikajifunza kuandika kwenye faili. Alafu nikataka kujua mwezi uliopita nilitumia ngapi kwenye usafiri peke yake, faili la maandishi likanishinda, ndo nikajifunza databezi (ghala la data lililopangwa, unaliuliza linajibu), SQLite, ambayo kwenye Python inakuja nayo humohumo huhitaji kuweka kitu. Alafu nikataka kuandika nikiwa kwenye simu, nikalazimika kukifanya tovuti kwa Flask (kifaa cha Python cha kutengenezea tovuti). Alafu kikawa kinafunguka kwenye kompyuta yangu tu, nikajifunza kukiweka hewani kwenye seva (kompyuta inayohudumia wengine mtandaoni). Mradi mmoja, miezi mitano, na kila kitu nilijifunza siku nilipokihitaji, kwaiyo hakijatoka kichwani mpaka leo.

Humo pia ndo nilikutana na senti zisizolingana. Jumla haikuwa sawa, inazidi kidogo tu. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2 utaona inakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta inahifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haiandikiki kamili kwenye mfumo huo kama ambavyo theluthi haiandikiki kamili kwa desimali zetu. Kwaiyo pesa zihifadhi kama namba kamili za senti, au tumia aina ya Decimal. Kwenye intavyuu moja niliulizwa hilihili na nikajibu kama mtu aliyeumwa na nyoka, maana nilikuwa nimeumwa kweli.

Ukikosa wazo, tafuta kitu ambacho wewe au mtu unayemjua anakifanya kwa daftari au kwa Excel kila wiki na kinamchosha. Epuka kutengeneza "Facebook mpya", hutamaliza, na mradi ambao haujaisha hauna wa kumwonyesha.

Hatua ya 6: Git, tangu siku ya kwanza ya mradi

Git ni kitunza historia cha kodi yako, Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), na leo karibu kila ofisi ya programu utaikuta. GitHub ni sehemu ya mtandaoni ya kuweka hiyo historia, hivi ni vitu viwili tofauti, usichanganye. Mwanzoni unahitaji amri chache tu (ya mwisho inakubali ukishaunganisha mradi wako na GitHub):

git init
git add .
git commit -m "Nimeongeza jumla ya mwezi"
git push

Ujumbe wa commit (kila hatua unayoihifadhi kwenye historia) uandike kwa maana, sio "mabadiliko" mara arobaini. Mimi Git niliidharau mpaka diski ya laptopu ilipokufa usiku mmoja ikaondoka na kazi ya wiki saba. Nilikaa kitandani kama nimefiwa.

Kosa la pili nililifanya baada ya kuijua: nikapandisha kwenye GitHub mradi wenye funguo ya siri ya huduma ya malipo ndani ya kodi, hadharani. Nikashtuka, nikaifuta, nikapandisha tena nikaona nimeokoka. Hapana. Git inatunza historia, kazi yake ndo hiyo, funguo ya jana bado inasomeka. Ikivuja, usihangaike kuificha, nenda kwenye huduma yenyewe uiue utoe mpya. Na kuanzia hapo siri zote ziweke kwenye faili la .env na jina la hilo faili liandike kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo Git isivihifadhi) kabla hujafanya commit ya kwanza.

Hatua ya 7: vitu ambavyo kozi za lugha hazikufundishi ila kazini vinaulizwa

SQL, lugha ya kuongea na databezi. Ijifunze hata kama hujaulizwa. Ilianza huko IBM miaka ya 1970 na bado haijastaafu, SELECT, WHERE, JOIN na GROUP BY zikikaa vizuri kichwani umeshawapita wengi. Na tangu mwanzo usiunganishe maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, tumia vishikilia nafasi (alama kama ? ambayo databezi inaijaza na data tu), la sivyo mtu ataandika amri kwenye kisanduku cha jina na databezi yako itamtii.

HTTP, yaani jinsi brauza na seva vinavyoongea. Jua tofauti ya GET (kuomba kitu) na POST (kutuma kitu), jua kwamba 404 ni umeomba kitu ambacho hakipo na 500 ni seva yenyewe imeanguka huko ndani. Nusu ya kutafuta tatizo kwenye tovuti ni kujua kosa liko upande gani wa waya.

Algoridhimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, hapa watu wamegawanyika. Wengine watakuambia maliza mafumbo ya kodi mia tano, wengine watakuambia hayana kazi. Mimi nasema jua kidogo kwa nini kitu ni cha haraka na kingine ni cha polepole. Mfano, una orodha ya majina 10,000 unataka kujua yaliyojirudia. Ukilinganisha kila jina na kila jina umefanya malinganisho milioni 100. Ukitumia set (mkusanyiko unaojibu papo hapo kama kitu kimo au hakimo) unapita mara moja tu:

yaliyoonekana = set()
for jina in majina:
    if jina in yaliyoonekana:
        print("Limejirudia:", jina)
    yaliyoonekana.add(jina)

Ukielewa kwanini hii ya pili inakimbia, umeelewa sehemu kubwa ya wanachouliza kwenye intavyuu za wanaoanza. Fanya mafumbo mawili matatu kwa wiki, yakikaribia maombi ya kazi ongeza.

Kiingereza nacho tusidanganyane. Maelezo rasmi ya lugha hizi, erori zenyewe, majibu ya Stack Overflow (tovuti ya maswali na majibu ya waprogramu), karibu vyote viko kwa Kiingereza. Huhitaji kukiongea kama mtangazaji, unahitaji kukisoma, na maneno yenyewe ya fani sio mengi. Tafsiri maana yake kwenye daftari lako la erori kwa Kiswahili chako, utaona ndani ya miezi mitatu unasoma bila kusimama. Majina ya variabo zako mwenyewe andika kwa Kiswahili ukipenda, kompyuta haijali, ila kwenye kodi ya kuonyesha waajiri au ya kazi ya pamoja tumia Kiingereza ili wengine wasome.

Hatua ya 8: akili bandia, itumie ila usiipe usukani

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 kila mtu ananiuliza kama bado kuna haja ya kujifunza. Mi naona haja imeongezeka, maana sasa kodi inazalishwa kwa kasi na lazima awepo mtu wa kuisoma na kusema hapa imekosea. Na inakosea kwa kujiamini sana, inaweza kukupa hata fanksheni ambayo haipo kwenye maktaba unayoitumia (maktaba ni kodi iliyoandaliwa na wengine).

Kanuni yangu kwa anayejifunza: miezi mitatu ya kwanza isikuandikie kodi hata kidogo. Iulize ikuelezee erori, iulize kwanini, iambie ikutungie mazoezi, ila vidole viwe vyako. Baada ya hapo ikikuandikia, usibandike mstari ambao huwezi kuuelezea kwa kile kiti chako. Kwenye intavyuu watakufungulia kodi yako mwenyewe waulize "hapa kwanini ulifanya hivi", na ukiwa hujui inaonekana ndani ya dakika moja, nimeshakaa upande wa kuuliza na huwa inaumiza kuangalia.

Hatua ya 9: kuomba kazi

Usisubiri mpaka "uwe tayari", hiyo siku haiji. Ukiwa na miradi miwili au mitatu iliyoisha, inayofunguka mtandaoni, anza kuomba. Miwili iliyoisha inashinda kumi iliyokwama. Kila mradi uwe na README, faili la maelezo, inayosema kwa sentensi chache ni wa nini, unaendeshwaje, na kitu gani kilikushinda ukakitatua vipi. Hicho cha mwisho ndo watu wanasoma. Weka na picha ya skrini maana wengi hawatafungua zaidi ya hapo.

CV ukurasa mmoja. Usijipimie asilimia, "Python 85%" haina maana yoyote, asilimia ya nini? Andika ulichotengeneza na kinafanya nini. Kama ulikuwa na kazi nyingine kabla, uhasibu, ualimu, uuguzi, usiifiche, mprogramu anayeelewa uhasibu ni mali kwa kampuni inayotengeneza programu za uhasibu. Pia kazi ya kwanza sio lazima iitwe mprogramu, huduma kwa wateja kwenye kampuni ya programu au kupima programu kabla hazijatoka ni milango halali, na wengi wamepitia hapo.

Kuhusu majaribio ya nyumbani: kuna kampuni moja ilinipa kazi ya wiki nzima, mfumo kamili wa kuweka oda, nikakesha, nikatuma, sijajibiwa mpaka leo hata "asante". Siku hizi nauliza kwanza inatarajiwa kuchukua masaa mangapi, ikizidi siku moja naomba tupunguze au naacha. Ukikataliwa omba sababu kwa upole, wengi hawajibu ila anayejibu anakupa dhahabu. Na tegemea kukataliwa mara nyingi, weka hesabu kwenye jedwali tu kama kazi nyingine, umeomba wapi, lini, wamesemaje. Ukiona huitwi kabisa tatizo ni CV na miradi, ukiona unaitwa ila unaishia intavyuu, tatizo ni mazoezi ya kujieleza kwa sauti.

Hatua ya 10: wiki za kwanza kazini

Utajiona hujui kitu. Kodi ya ofisini ni kubwa, ya watu wengi, na haifanani na kozi. Usijaribu kuielewa yote, fuata kitufe kimoja kuanzia kinapobonyezwa mpaka data inapofika kwenye databezi, alafu kingine. Ukikwama jipe nusu saa, alafu uliza, ukiuliza sema umejaribu nini na nini kimetokea, watu wanapenda kumsaidia mtu aliyekuja na kazi mkononi.

Na siku moja utaharibu. Mimi mwezi wa pili nilitumwa kurekebisha namba ya simu ya mteja mmoja, nikaandika UPDATE (amri ya SQL ya kubadilisha data) nikasahau WHERE (inayosema ni mteja yupi), nikabonyeza. Ikanijibu imebadilisha mistari elfu kadhaa. Wateja wote wana namba moja. Masikio yalipata moto. Nilifikiria kunyamaza, nakiri, ila nikanyanyuka nikamwendea bosi ndani ya dakika tano, akavuta pumzi, tukarudisha kutoka nakala ya usiku uliopita na yale ya asubuhi tukayaingiza kwa mkono. Alichonifundisha siku hiyo nakifanya mpaka leo. Kwanza andika SELECT (amri ya kuangalia tu) yenye WHERE ileile uone ni mistari mingapi inakuja. Alafu ndo ufanye hivi:

BEGIN;
UPDATE wateja SET simu = '...' WHERE id = 418;

Soma imesema mistari mingapi. Ikisema 1, andika COMMIT (ihifadhi). Ikisema namba nyingine yoyote, andika ROLLBACK (itengue yote), nenda kanywe maji, rudi usome ulichoandika.